Nina deni, nina bibi, na nina hamu ya utawa: nianze na lipi?

BARUA

Mama Mshauri,

Tumsifu Yesu Kristo.

Mimi ni binti wa miaka 27, muuguzi katika zahanati moja kaskazini ya Pemba, na ninaishi Wete pamoja na wazee wangu. Baba alizaliwa Tabora akaja Pemba kikazi akiwa kijana. Mama ni mzaliwa wa hapa hapa, alibatizwa kabla ya kuolewa, na bibi mzaa mama ni Mwislamu hadi leo. Tunaishi naye nyumba moja na sijapata kusikia ugomvi wa dini ndani ya nyumba hiyo. Wakatoliki wa huku kwetu ni wachache kiasi kwamba Jumapili wakikosekana watu watatu, padri anauliza wako wapi.

Miaka minne sasa nina hamu ya kuwa mtawa, na haikuanzia kanisani. Nilipelekwa Unguja kwa mafunzo ya wiki tatu, nikamwona sista mmoja akisafisha kidonda cha mzee mwenye kisukari. Mzee alikuwa akimtukana, kidonda kinanuka, na bandeji ilikuwa imegandana na nyama. Sista alikuwa akiilowesha kwa maji ya chumvi, kidogo kidogo, huku akisubiri ilegee yenyewe. Mimi mwenye cheti cha uuguzi siku zote nilikuwa naivuta tu. Niliporudi Pemba nikaanza kulowesha bandeji, na tangu siku hiyo kuna kitu hakijanitoka moyoni.

Vikwazo ni vingi. Kwanza nina mkopo wa SACCOS wa kazini, nilioukopa kwa ajili ya kuezeka nyumba ya baba kwa mabati, wenzangu wawili wa zahanati wakinidhamini. Zimebaki shilingi 2,100,000, na kila mwezi ninakatwa 150,000. Pili, mdogo wangu wa kiume yuko Kidato cha Tatu na ada yake ninailipa mimi. Tatu, baba. Yeye ni mwenyekiti wa Jumuiya yetu, na kila ifikapo Jumapili ya Mchungaji Mwema ndiye anayeongoza sala ya kuombea miito, lakini nilipomgusia jambo hili aliniambia kwamba alinisomesha ili nimfae, na kwamba ninakimbilia utawa kwa sababu uchumba wangu ulivunjika miaka mitatu iliyopita. Aliniumiza, kwa kuwa hamu yenyewe ilianza kabla ya uchumba kuvunjika, ingawa sikuwahi kumwambia mtu.

Bibi naye ana lake. Msimu uliopita tulikuwa tumekaa jamvini tunachambua karafuu, yeye akitenga makonyo kwa vidole vyake vilivyopinda, akaniuliza bila kuinua macho: "Mwanamke asiye na mume wala mwana, akifa nani atamzika?" Kwake yeye ndoa ni nusu ya dini, na mwanamke kuikataa kwa hiari yake ni jambo asiloweza kulielewa. Bibi huyo huyo alinipa mikarafuu saba mbele ya mashahidi, na sasa ananiuliza kama itakuwa mali ya "wale masista".

Nimeandikia mashirika mawili ya watawa ya bara. Moja lilinijibu kwamba nimepita umri wao. La pili lilinijibu haraka sana kwa simu: niende mwezi Januari, na baba nimpe habari nikiwa nimeshafika, maana wazazi wakijua mapema huharibu wito.

Mwisho, mzee mmoja wa kanisani kwetu, aliponisikia nikisoma somo la Misa, alisema mwanamke kusoma pale mbele ni kuazimwa tu, na kwamba hata nikiwa sista nitaishia kufua vitambaa vya altare. Wengine walicheka. Mimi sikucheka.

Je, nimechelewa? Naweza kuingia nikiwa na deni? Ni kosa kuondoka bila ridhaa ya baba? Na huyo mzee ana haki katika alilosema?

Muuguzi, Wete


JIBU

Mwanangu,

Milele na milele, amina.

Nianze na ile simu, kwa sababu ndiyo iliyonikosesha raha niliposoma barua yako. Usiende mwezi Januari. Sisemi kwamba shirika hilo ni baya. Huenda aliyekupigia ni mlezi mwenye bidii aliyeona muuguzi mwenye cheti na kazi akaogopa kumpoteza. Lakini mtu anayekuita kwenye maisha ya ukweli hakufundishi kuyaanza kwa kumficha baba yako. Sheria za Kanisa za mwaka 1983, zinazotawala mashirika yote ya Kilatini duniani, yakiwamo ya kwetu Tanzania, zinasema katika kanuni ya 642 kwamba wakuu wanapaswa kumpokea kwa uangalifu yule tu mwenye umri unaofaa, afya, tabia inayofaa na ukomavu wa kutosha kwa maisha ya shirika lao. Kwa simu moja hawakuweza kuijua hata afya yako, sembuse tabia. Shirika linalokupokea bila kukuchunguza halijakupa nafasi ya kulichunguza wewe pia.

Utaambiwa kwamba Mtakatifu Klara wa Assisi alitoroka kwao usiku wa Jumapili ya Matawi. Ni kweli, alitoroka. Lakini Klara hakuwa na wadhamini wa SACCOS.

Hilo la deni ndilo nitakalokaa nalo zaidi, kwa kuwa wengi hudhani ni jambo la kidunia ambalo Mungu atalimaliza mwenyewe. Kanuni ya 644 inawakataza wakuu wa mashirika kumpokea unovisi, yaani kipindi cha malezi kabla ya nadhiri za kwanza, mtu aliyeelemewa na madeni asiyoweza kuyalipa. Wewe leo unaweza kulilipa, kwa sababu una mshahara. Siku utakayoacha kazi, deni hilo hilo la milioni mbili na laki moja litageuka kuwa deni usiloweza kulilipa, kwa kuwa mnovisi hana mshahara. Na hapo nani atakatwa? SACCOS zetu unazijua: wale wenzako wawili wa zahanati waliotia sahihi kwenye fomu yako, akiba zao ndizo zitakazoguswa. Hebu fikiri unapiga magoti kwenye kanisa la unovisi huku mwenzako wa zamu ya usiku anafungua hati ya mshahara na kukuta amekatwa kwa ajili yako.

Sasa piga hesabu. Kwa makato ya 150,000 kwa mwezi, deni lako linakwisha baada ya miezi 14. Mdogo wako yuko Kidato cha Tatu, kwa hiyo miezi hiyo 14 itakuwa imemfikisha karibu na mtihani wa Kidato cha Nne au hata imemvusha, kutegemea mwezi ulioandika barua hii. Mambo mawili yaliyokukaba yanafunguka karibu wakati mmoja, na hakuna anayekulazimisha kuyakata kwa panga. Ukipata posho ya ziada, iongeze kwenye rejesho. Siku ya mwisho omba barua ya kufunga mkopo, yenye mhuri, uiweke pamoja na vyeti vyako, kwa maana shirika makini litauliza habari za madeni, na wewe hutakuwa na haja ya kueleza sana.

Kuhusu umri sina maneno mengi. Kanisa limeweka umri wa chini: mtu asiyetimiza miaka 17 hapokelewi unovisi kihalali, nadhiri za kwanza zinahitaji miaka 18, na za daima 21. Umri wa juu Kanisa halikuuweka. Kila shirika linajiwekea wake kulingana na malezi na kazi zake, ndiyo maana moja limekukataa na jingine litakupokea. Uliloambiwa na shirika la kwanza ni utaratibu wa nyumba yao, na walikutendea haki kukuambia mapema. Jibu hilo lisikukae rohoni.

Twende kwa baba. Kisheria, mtu mzima hahitaji kibali cha mzazi ili aingie utawani. Kinachotakiwa ni uhuru wake mwenyewe, na aliyeingizwa kwa nguvu, kwa hofu kubwa au kwa hila hahesabiwi kuwa amepokelewa. Kwa hiyo kuondoka bila ridhaa yake si kosa kwa maana ya kanuni. Lakini hukuniuliza habari za kanuni peke yake, na mimi ninavyoisoma barua yako, baba hajakataa wito. Baba ameogopa mahesabu. "Nilikusomesha ili unifae" ni lugha ya mzee anayejua pensheni yake inaishia wapi, na hana njia nyingine ya kulisema hilo kwa binti yake bila kujishusha. Anaongoza sala ya kuombea miito kila mwaka. Sasa mwito umebisha hodi kwake na amekuta mlangoni kuna bili ya ada. Usimcheke. Wazazi wengi waaminifu wangependa watawa watoke kwa jirani.

Mwambie ukweli wote wa fedha, kwa maana huo ukimfikia baadaye kupitia mtu mwingine utakuwa mchungu. Ukiwa mtawa muuguzi, mshahara wako si wako tena. Kanuni ya 668 inasema chochote mtawa anachopata kwa kazi yake kinakuwa cha shirika, na shirika nalo, kwa kanuni ya 670, lina wajibu wa kukupa kila unachohitaji kwa wito wako. Hutaweza kumtumia baba laki moja kila mwezi. Wapo masista wanaoruhusiwa na wakuu wao kusaidia nyumbani wakati wa shida kubwa, lakini hiyo ni huruma ya shirika wala si haki unayoweza kumwahidi mzee wako. Akijua kwamba nyumba imeezekwa, deni limekwisha na kijana amemaliza Kidato cha Nne, atakuwa na hasira pengine, lakini hatakuwa na hofu.

Namna ya kumwambia nayo ina uzito. Mtakatifu Teresa wa Lisieux alikuwa na miaka 14 alipomwambia baba yake, jioni ya Pentekoste mwaka 1887, wakiwa wawili tu bustanini. Baba alilia, kisha akachuma ua dogo jeupe lililoota ukutani, likang'oka na mizizi yake, akampa. Hakuwa ameandaliwa na mtu; aliambiwa kwanza, na aliambiwa faraghani. Wewe umemgusia tu baba yako, jambo ambalo kwa mzee wa kwetu ni kama kumtumia salamu kwa mpita njia. Kaa naye. Mama awepo, maana nimeona katika barua yako yote mama hukumpa hata sentensi moja ya kusema, na nina shaka kwamba yeye anajua zaidi ya mnavyodhani.

Kuhusu mikarafuu ya bibi, mpe jibu hili la kweli: haitakuwa ya masista. Wengi hudhani kwamba nadhiri ya ufukara ina maana ya kukabidhi kila kitu langoni. Katika mashirika mengi ya kitume yenye nadhiri za kawaida, mali uliyopewa au uliyorithi inabaki kuwa yako. Unachoacha ni uhuru wa kuitumia upendavyo. Kabla ya nadhiri za kwanza unamkabidhi mtu unayemtaka usimamizi wa mali hiyo, na unaamua kwa hiari yako nani anufaike na mapato yake. Kabla ya nadhiri za daima unaandika wosia unaotambuliwa na sheria za nchi. Kwetu visiwani mtu anaweza kumiliki mikarafuu iliyo juu ya ardhi ya mwingine, na bibi yako anayajua mambo haya kuliko mwanasheria: mti ni wa fulani, mavuno yanachumwa na fulani. Mwambie hivyo hivyo. Miti saba inabaki kwa jina lako, na karafuu zake zinachumwa na mdogo wako, au na mama. Yapo mashirika ambayo katiba zake zinadai kuacha umiliki wenyewe kabisa, hivyo uliza katiba ya shirika lako inasemaje kabla hujamwahidi bibi jambo.

Sasa nikuumize kidogo. Baba amesema unakimbia uchumba uliovunjika, nawe umejitetea kwamba hamu ilianza kabla. Ninakuamini. Lakini kama hamu ilianza kabla, basi uliendelea na mchumba huku moyoni una neno jingine ambalo hukumwambia yeye wala mtu mwingine. Sikulaumu; ulikuwa na miaka 23 au 24 na hukuwa na mtu wa kuzungumza naye. Ila lichukue swali hilo ulipeleke kwa padri muungamishi au kwa sista mlezi wa miito, usilifungie kabatini. Useja unaanza kwa mtu anayejua kwamba angeweza kupenda na kupendwa, na akachagua kutoa uwezo huo kwa Mungu na kwa watu wengi. Anayeingia kwa kinyongo cha mwanamume mmoja hukaa utawani akimsubiri mwanamume huyo ajute. Nimewaona wawili wa namna hiyo katika maisha yangu, na wote wawili walikuwa wakali kwa watoto wa skuli.

Jambo linaloweza kukutuliza ni kwamba hakuna anayekutaka uamue maisha yako yote mwaka huu. Njia yenyewe imejengwa kwa milango mingi, na karibu kila mlango unafunguka pande zote mbili. Kwanza ni ziara za Njoo Uone, siku chache za likizo yako. Kisha uaspiranti na upostulanti, hatua za mwanzo za malezi ambazo urefu wake unategemea shirika. Kisha unovisi, ambao lazima uwe na miezi 12 kamili ndani ya nyumba ya unovisi na kwa kawaida hauzidi miaka miwili. Mnovisi anaweza kuondoka siku yoyote, na shirika nalo linaweza kumrudisha nyumbani. Halafu nadhiri za muda, si chini ya miaka mitatu na kwa kawaida si zaidi ya sita, ingawa zinaweza kurefushwa hadi tisa kwa jumla. Baada ya hapo ndipo nadhiri za daima. Ukianza baada ya kumaliza deni, utafika huko pengine ukiwa na miaka 35 au zaidi, ukiwa umepewa nafasi ya kusema "hapana" mara nyingi.

Dada yangu mkubwa aliitumia nafasi hiyo. Alitoka akiwa katika mwaka wa pili wa unovisi, akarudi kijijini na sanduku lake la bati, na watu wakamwita "sista aliyeshindwa" kwa miaka. Leo ana watoto wanne na bado anasali Masifu ya Jioni kila siku jua likizama, kwa kitabu kile kile cha unovisi. Sijamwona ameshindwa chochote. Ila ujue pia, usije ukashtuka baadaye, kwamba anayetoka hawezi kudai malipo ya kazi aliyoifanya akiwa ndani. Sheria inalitaka shirika limtendee kwa haki na upendo, basi. Ndiyo sababu nyingine ya kutunza leseni yako ya uuguzi isiishe muda.

Nije kwa mzee wa kanisani. Alichosema kilikuwa na ukweli zamani. Papa Paulo wa Sita alipopanga upya huduma za usomaji na utumishi wa altareni mwaka 1972, kuwekwa rasmi katika huduma hizo kulibaki kwa wanaume. Mwanamke alisoma kwa ruhusa ya muda. Mwezi Januari 2021 Papa Fransisko aliibadilisha kanuni ya 230, na tangu hapo mwanamke mlei anaweza kuwekwa rasmi kuwa msomaji na mtumishi wa altareni sawa na mwanamume. Mwezi Mei mwaka huo huo akaanzisha huduma rasmi ya katekista kwa wanaume na wanawake. Upadri ni jambo jingine: Papa Yohane Paulo wa Pili alieleza mwaka 1994 kwamba Kanisa halina mamlaka ya kuwapa wanawake daraja hiyo, na ukiingia utawani ukitumaini kuwa ni ngazi ya kufikia huko utaishi kwa uchungu. Mtawa si nusu padri. Wito wake una shina lake.

Na vitambaa vya altare? Vitafuliwa, na pengine nawe utavifua. Mtakatifu Bakhita, msichana wa Sudan aliyetekwa na kuuzwa utumwani, alipokuwa Italia bibi aliyemmiliki alitaka kumrudisha Sudan. Akakataa kuondoka kwa masista Wakanosa waliokuwa wakimfundisha, na mahakama ya Venice ikatamka tarehe 29 Novemba 1889 kwamba ni mtu huru. Kitu cha kwanza alichofanya na uhuru wake ni kubaki. Akaweka nadhiri mwaka 1896, na kwa miaka mingi huko Schio alipika, alishona na alilinda mlango. Kwa upande mwingine, Januari 2025 Papa Fransisko alimteua Sista Simona Brambilla, wa Wamisionari wa Konsolata, kuwa mkuu wa idara ya Vatikani inayosimamia mashirika yote ya watawa duniani, mwanamke wa kwanza kuongoza idara ya namna hiyo. Kabla ya kuwa mtawa alikuwa muuguzi, na kama mtawa alifanya utume Msumbiji. Mlinda mlango na mkuu wa idara waliweka nadhiri zile zile tatu: ufukara, useja na utii. Mzee wenu ameuangalia utawa kwa ukubwa wa chumba cha sakristia.

Angejua pia historia ya visiwa vyake angenyamaza. Umisionari wa Kikatoliki wa karne ya 19 ulipofika Unguja mwaka 1860, mapadri hawakuja peke yao. Walikuja na masista, Mabinti wa Maria kutoka kisiwa cha Réunion (si wale wa Tabora anaowafahamu baba yako). Shirika hilo lilianzishwa mwaka 1849, mwaka mmoja baada ya utumwa kufutwa Réunion, na ndani yake wanawake waliokuwa watumwa waliishi meza moja na wanawake waliozaliwa huru. Hao ndio waliohudumia wagonjwa na kufundisha watoto mjini Unguja, zaidi ya miaka 30 kabla ya kanisa la Minara Miwili kuanza kujengwa. Kabla ya minara palikuwa na bandeji.

Basi fanya hivi. Likizo yako ijayo, panda boti ya Mkoani uende Unguja, uonane na masista wa huko kabla ya kuandika tena bara. Omba kulala kwao siku tatu au nne. Usiangalie sana kanisani, ambako kila mtu hupendeza. Angalia jikoni, angalia mgonjwa wao wa uzeeni analishwa na nani na kwa sauti gani, sikiliza wanavyomtaja sista aliyehamishwa. Waulize maswali ya katiba bila aibu: umri, mali, likizo ya nyumbani, wazazi wakiugua wanafanyaje. Zungumza na paroko wako aanze kukuandalia cheti cha ubatizo, cha kipaimara na barua ya kuthibitisha kwamba huna ndoa, maana mashirika yote yatavidai. Shirika la pili lijibu kwa adabu: utakwenda kuwatembelea baada ya kumaliza deni, na baba yako atakusindikiza. Utakavyojibiwa hapo ndipo utakapowajua.

Bibi usimhubirie. Ameuliza swali moja, na swali hilo lina jibu: masista huuguzana, huzikana, na huombeana kwa majina hata baada ya miaka. Lakini yeye hataamini maneno. Kama magoti yanamruhusu, safiri naye kwenye boti hiyo, mpeleke kwa masista wazee, akae nao, wampe chai. Wana vidole kama vyake. Mwache aulize mwenyewe nani atawazika, na wewe utoke nje uwaache wazungumze.

Uniandikie ukirudi, na uniambie mama amesema nini.

Mama Mshauri